MAONI: Umeelewa video, sawa. Lakini umejifunza?

Saa tano usiku. Bando linakaribia kuisha na wewe uko kwenye video ya nne ya Excel. Jamaa anaeleza polepole, sauti yake tamu, kila hatua inaingia kama maji. Unatikisa kichwa: "Kumbe ni hivyo tu!" Unabonyeza video ya tano. Unalala ukijihisi umesonga mbele.

Kesho yake fungua Excel tupu, weka simu mfukoni, halafu jaribu kufanya alichofanya jamaa. Mikono inaganda. Unakumbuka kulikuwa na fomula, unakumbuka hata rangi ya shati lake, lakini pa kuanzia hupaoni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sisi vijana wa mjini hatuna tena uhaba wa masomo. Kozi ziko tele, nyingine bure kabisa, kuanzia uhasibu hadi kuprogramu, na akili mnemba inajibu swali lolote saa tisa usiku bila kununa. Tatizo letu ni kwamba tumechukua ile hisia ya kuelewa, tukaipa jina la kujifunza. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Na kuvichanganya kuna bei: bando, ada ya kozi, na ile siku ya intavyuu unapowekewa laptopu mbele na kuambiwa una dakika thelathini uonyeshe unachojua.

Habari njema ni kwamba swali la jinsi binadamu anavyojifunza limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake halihitaji simu ya bei. Habari mbaya ni kwamba jibu lenyewe halifurahishi.

Kusoma mara nne, kusahau wiki moja

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu chake kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu. Katika vipindi vitatu vilivyobaki, wanafunzi hao waliwekewa karatasi tupu, wakaambiwa waandike chochote wanachokumbuka, bila kuchungulia.

Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma na kusoma tena walishinda. Walikumbuka asilimia 83 ya mambo, wenzao 71. Ungekomea hapo ungesema kusoma ni kurudia, kama tulivyozoea kuambiwa.

Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40. Waliojitahini walikuwa na 61.

Ni kama kichwa kina tabia hii: hakitunzi kinachoingizwa tu, kinatunza kinachoombwa. Kila unapojilazimisha kuchota jibu kutoka akilini, unakifungulia njia ya kulifikia siku nyingine. Unaposoma tena, au kutazama tena, njia hiyo haifunguki. Unaona tu mlango uleule na kusema, "Huu naujua."

Na ngoja nikupe kinachouma zaidi. Watafiti waliwauliza wanafunzi wabashiri watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliokuwa na imani kubwa zaidi ni wale waliorudia kusoma. Yaani waliokuwa wanasahau kwa kasi ndio waliojiona wako sawa.

Hisia inadanganya

Usidhani hilo ni la vifungu vya kusoma tu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu somo la fizikia kwa wanaoanza chuo. Wanafunzi walifundishwa mambo yaleyale kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mhadhiri stadi alieleza kila kitu kwa ufasaha na wao wakasikiliza. Njia ya pili, walipewa maswali kwanza wahangaike nayo katika vikundi vidogo, kisha mhadhiri akaonyesha jibu.

Wanafunzi walisema wamejifunza zaidi katika mhadhara mtamu. Mtihani ulisema kinyume: waliohangaika ndio walijifunza zaidi.

Sasa fikiria simu yako. Mtengenezaji wa video analipwa kwa sababu umetazama mpaka mwisho, si kwa sababu umeweza kufanya. Kwa hivyo ataondoa kila kitu kinachokukwaza. Atakata ukimya, ataongeza muziki, atakuonyesha jibu kabla hujakuna kichwa. Kila anachoondoa ili ubaki ndicho hasa ambacho kingekufundisha. Hana nia mbaya, anafanya kazi yake. Ila kazi yake na yako si moja.

"Mimi ni mtu wa kuona"

Katika mazungumzo ya namna hii hakosi msee wa kusema, "Hiyo ni yenu, mimi ni mtu wa kuona. Vitabu haviniingii, nipe video." Mwingine atakuambia yeye ni mtu wa kusikia, anasoma kwa podikasti akiwa kwenye matatu.

Dhana hii imeenea hata kwa walimu, na imeuza kozi na apu nyingi. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo kutafuta jambo moja: je, mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda? Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusimamisha dai hilo. Tafiti zilizopangwa ipasavyo zilikuwa chache, na kadhaa kati yake zilienda kinyume na dai lenyewe.

Kupenda video ni kweli, hakuna anayekupinga. Napenda chapati pia, lakini kupenda kwangu hakuifanyi kuwa dawa. Njia nzuri ya kufundisha hutegemea kinachofundishwa kuliko anayefundishwa. Ramani lazima uione. Matamshi ya Kifaransa lazima uyasikie. Kuendesha gari lazima ushike usukani. Na vyote hivyo, uwe mtu wa kuona au wa kusikia, lazima ufike mahali ufanye mwenyewe bila kuonyeshwa.

Hatari ya kujibandika jina ni kwamba linakupa ruhusa ya kukimbia. Ukishajiambia wewe si mtu wa kuandika, hutaandika. Na pengine kuandika ndiko ulikokuwa ukihitaji.

Mashine ya Skinner iko mfukoni mwako

Teknolojia ya elimu si jambo la juzi. Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la bintiye. Aliona watoto wanajaza majibu bila kujua papo hapo kama wamepata au wamekosa. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaonyesha mashine ya kufundishia: swali moja, jibu moja, unajua hapohapo, unasonga hatua ndogo mbele.

Ukiangalia apu za kujifunza lugha leo, utamwona Skinner. Vipande vidogo, jibu la haraka, pointi, mlio wa ushindi, hesabu ya siku mfululizo ambazo hujakosa. Kuna hekima hapo. Kujua mapema kwamba umekosea ni jambo kubwa, na vipande vidogo vya kila siku vinasaidia. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini apu inaweza kukuzawadia kwa kufungua apu. Ukifika siku ya 200 mfululizo na bado huwezi kuagiza chakula kwa lugha hiyo, umekuwa hodari wa mchezo, si wa lugha. Jiulize: pointi hizi zinapima nini hasa? Je, ninachagua jibu kati ya manne niliyowekewa, au ninalitoa kichwani mwangu? Kuchagua ni rahisi kwa sababu jibu liko mbele yako. Maisha hayatakuwekea manne uchague.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyeiona kompyuta kwa jicho tofauti. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akafanya kazi na Jean Piaget kule Geneva kabla ya kuhamia MIT, Marekani. Yeye na wenzake waliunda Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ya watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba kompyuta isimwongoze mtoto kama inavyotaka. Mtoto ndiye aiongoze kompyuta, aiamrishe ichore, ikichora vibaya atafute kosa lake na arekebishe. Mtu hujenga maarifa anapojenga kitu.

Kwa hivyo unapochagua kozi, usiulize tu ina video ngapi. Uliza mwisho wake nitakuwa nimejenga nini.

Akili mnemba: mwalimu au mwakenya?

Twende kwa jambo linalozungumzwa kila mahali. ChatGPT na wenzake ni msaada au ni mwakenya ulioboreshwa?

Nchini Uturuki watafiti waliwapima wanafunzi karibu 1,000 wa shule ya upili katika hesabu. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari lake kama kawaida. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida, unauliza inajibu. La tatu lilipewa akili mnemba iliyofungwa kamba: ilielekezwa kutoa vidokezo na kutompa mwanafunzi jibu lenyewe.

Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko waliotumia vitabu. La tatu liliruka kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa na mtihani ukafanywa. Kundi la pili likashuka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa akili mnemba. Kundi la tatu halikudhurika vile. Lilikuwa karibu sawa na waliotumia vitabu.

Na kama ilivyokuwa kwa Roediger, walioshuka hawakujua wameshuka. Walijiona wako poa.

Funzo si kwamba uifute ChatGPT. Somo lilelile, mashine ileile, tofauti ni nani aliyefikiri. Ukiuliza, "Nipe jibu la swali hili," mashine imefikiri, wewe umenakili. Ukisema, "Nimefikia hapa, usinipe jibu, nionyeshe tu nilipokosea," umefikiri wewe. Bora zaidi, igeuze iwe mtahini: "Niulize maswali kumi kuhusu sura hii, moja moja, subiri nijibu kabla ya kusahihisha." Bando lilelile, matokeo tofauti kabisa.

Vishikwambi havifundishi

Hili si la mtu binafsi tu. Nchi nzima huingia mtego huohuo, ila kwa bajeti kubwa.

Nchini Peru, serikali ilisambaza laptopu za mradi wa One Laptop per Child. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za msingi mashambani, ambao matokeo yake yalitoka 2012, ulionyesha kwamba watoto walizipata na wakazitumia, lakini alama zao za hesabu na lugha hazikupanda.

Hapa kwetu ahadi ya laptopu za darasa la kwanza ilitikisa kampeni za 2013. Mradi ulipoanza 2016 ulikuwa umegeuka kuwa vishikwambi, na zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Swali la muhimu kuliko idadi ni hili: mtoto akishika kile kifaa, alikuwa anafanya nini nacho?

Kenya tuna jibu letu wenyewe, wala si la kuazima. Katika Kaunti ya Kisumu, mradi wa kusoma wa PRIMR ulilinganisha njia tatu: kuwapa vishikwambi maafisa wanaotembelea na kuwaelekeza walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu. Njia zote ziliambatana na vitabu vizuri na mafunzo ya walimu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha watoto waliendelea vizuri. Lakini vifaa havikuongeza kitu kikubwa juu ya kile ambacho vitabu na mafunzo vilikuwa vimeleta. Na njia iliyokuwa na thamani zaidi kwa pesa iliyotumika ilikuwa ya kuwapa vishikwambi maafisa, ambao ni wachache, ili wawasaidie walimu kufundisha vizuri. Mpango wa kitaifa wa Tusome ulioanza 2015 ulifuata mkondo huo.

Yaani kifaa kilisaidia pale kilipomwezesha binadamu kumsahihisha binadamu mwenzake. Kiongozi atakayekuja kuomba kura yako 2027 akiahidi vifaa, muulize hilo.

Nenda Kamukunji ukaone

Kama unataka kuona mafunzo yanavyofanyika bila intaneti, pita Kamukunji penye kelele za nyundo, au gereji za Barabara ya Kirinyaga, au kwa mafundi wa nguo Gikomba. Hakuna anayefundishwa kwa kutazama mwezi mzima. Siku ya kwanza unashikishwa kitu.

Mwanaanthropolojia Jean Lave aliliona hilo katika miaka ya 1970 alipowachunguza mafundi nguo wa Liberia na wanagenzi wao. Mwanagenzi hakuanzia pale vazi linapoanzia. Alianza mwishoni: kupiga pasi, kushona vifungo, kupinda kingo. Akiweza hayo, anaunganisha vipande. Kukata kitambaa, ambako kosa moja linakula pesa ya mteja, kunakuja baadaye kabisa. Kwa njia hiyo, kila siku anafanya kazi ya kweli, kosa lake halimfilisi mtu, na picha ya vazi zima anayo tangu mwanzo. Lave na Etienne Wenger walijenga juu ya hayo kitabu cha 1991 ambacho hadi leo kinasomwa na wanaosomea ualimu ulimwenguni.

Lev Vygotsky, msomi wa Kisovieti aliyefariki 1934, alikuwa ameshaeleza sehemu ya siri hiyo. Kuna mambo unayoweza peke yako, na kuna usiyoweza hata ukisaidiwa. Katikati kuna yale unayoweza mtu akikushika mkono kidogo. Hapo katikati ndipo mtu anapokua. Fundi mzuri anajua ulipo na anakupa kazi inayokuzidi kidogo tu. Video haijui ulipo. Inamwambia kila mtu jambo lilelile.

Ajabu ni kwamba nadharia inayoheshimiwa vyuoni ilitokana na cherehani za Monrovia, ilhali sisi tunamdharau kijana wa jua kali tukimwona kama aliyekosa elimu. Huenda anafunzwa vizuri kutuzidi.

"Sasa video ni bure?"

Hapana. Kuna anayesema, na ana haki, kwamba huwezi kujitahini kuhusu jambo ambalo hujawahi kuliona. Utafiti wa John Sweller wa Australia tangu miaka ya 1980 unamuunga mkono: anayeanza kabisa hujifunza zaidi akionyeshwa mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kuliko akitupwa kwenye maswali magumu. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja, na ukiijaza inamwagika.

Kwa hivyo tazama. Ila tazama kama mwanagenzi, si kama mtazamaji. Mfano mmoja, halafu zima, fanya. Umekwama? Rudi, angalia pale tu ulipokwamia, zima tena. Video ni mlango. Ubaya wetu ni kukaa mlangoni tukijiambia tumeingia.

Ufanye nini kuanzia wiki hii

Kwanza, baada ya kila video au sura, funga kila kitu na uandike unachokumbuka kwenye karatasi tupu. Dakika tano zatosha. Itauma, na utaona aibu jinsi ulivyoshika kidogo. Hiyo aibu ndiyo taarifa uliyokuwa ukiikosa. Ndipo ufungue uone ulichoacha.

Pili, gawa muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi, na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyozuia hilo. Saa tatu za Jumamosi usiku ni hafifu kuliko saa moja Jumatatu, moja Jumatano na moja Jumamosi. Muda ni uleule, hujaongezewa gharama yoyote.

Tatu, changanya maswali. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya umbo moja hadi liishe ndipo waende lingine walipata asilimia 89 katika mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye, wa kwanza walipata 20, waliochanganyiwa 63. Ukifanya aina moja ya swali mara ishirini, hujifunzi kutambua ni njia gani inahitajika, maana umeshaambiwa. KCSE haikuambii. Mteja hakuambii. Ndiyo sababu karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, ile ya kutolewa nakala kwa shilingi chache kule saiba, ina nguvu kuliko daftari lililopakwa rangi nne. Mapitio makubwa ya mbinu kumi za kusoma, yaliyoongozwa na John Dunlosky mwaka 2013, yaliweka kujitahini na kugawa muda juu kabisa. Kupaka rangi mistari na kusoma tena yaliwekwa chini.

Nne, tafuta mtu wa kukusahihisha. Mwalimu, fundi, komredi wa kampasi, hata kundi la WhatsApp lenye watu wanne walio siriasi. Mweleze mwenzako kana kwamba hajui lolote. Ukikwama katikati ya sentensi, umepata mahali pa kurudi.

Elimu nzuri haijafungiwa

Haya yote nayasema kwa sababu kuna uongo mmoja unaotuumiza, kwamba mwenye bando kubwa na laptopu mpya ndiye anayejifunza zaidi. Kijana wa Kayole au Bamburi mwenye simu iliyopasuka kioo anaishia kujiona ameachwa. Ukweli ni kwamba mbinu mbili zilizothibitishwa kuliko nyingine zote zinahitaji karatasi, kalamu na subira. Tajiri hawezi kukununulia wala kukunyima.

Kwa wanaouza kozi: acheni kutuhesabia video tulizomaliza. Tupeni kazi ya kufanya, mtu wa kuisahihisha, na mtihani baada ya mwezi. Kwa waajiri: cheti cha kumaliza kozi kinasema mtu alifika mwisho wa video. Mpeni jambo afanye, muone. Na kwa walimu wa mtaala wa umilisi: neno umilisi lina maana ya kuweza. Mtoto akileta mradi uliojengwa na mzazi au na ChatGPT, kilichopimwa ni mzazi na mashine.

Wewe nawe, wahenga walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna apu ya kukuinamia.

Basi tuanze sasa hivi. Kabla hujatelezesha kidole kwenda habari nyingine, funga macho na utaje mambo matatu uliyosoma hapa. Usirudi juu kuchungulia. Ukikumbuka moja tu, usijali, hilo moja sasa ni lako. Yaliyobaki yarudie kesho.